Mti Mchungu wa Vihiga

Pune, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta na nguvu za kushuka ngazi mwenyewe. Mimi mzima, ila joto la huku India si la mchezo. Mjomba Shitanda ameniambia umeanza kuchomwa mionzi ya saratani. Je, titi linauma? Unakula? Naandika na kukutumia picha ya barua kwenye simu, kwa sababu tukipigiana tunaanza tu kulia wote wawili.

Unaukumbuka mti mchungu wa kwa mjomba kule Vihiga, ambao ulikuwa ukinichemshia majani yake nikiwa na homa? Ndio ninaoufanyia utafiti. Tuliwanywesha panya maji ya majani yake, kisha tukawapiga mionzi. Ngozi zao hazikuungua kama za wenzao. Profesa alinipa mkono mbele ya watu wote. Nilitamani ungekuwepo.

Binti yako,
Mideva

Tassia, 11 Machi 2024

Mideva mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu hapa Nairobi. Mimi nasukuma siku. Jirani yetu Jacklyne ananiletea uji, nami naumeza hata usipotaka kushuka. Ngozi imekuwa nyeusi, na jasho likiingia inawasha vibaya.

Barua yako tuliisoma mbele ya wanawake wa maombi, wakapiga makofi. Mjomba wako akanitumia majani kwa basi. Nachemsha, nakunywa kikombe asubuhi na jioni. Ni machungu kupita kiasi, lakini nafumba macho na kusema, huu ni mkono wa mtoto wangu. Daktari sijamwambia, ana watu wengi.

Mama yako

Pune, 12 Machi 2024

Mama,

Leo nakusalimu kwa haraka. Tafadhali acha kunywa. Wale panya hawakuwa na saratani. Kitu kinacholinda ngozi yako huenda kinaulinda uvimbe pia, na mashine ikawa inakuchoma bure. Hatujui. Hata mimi sijui. Ningekwambia hivyo tangu mwanzo, ila furaha ilinijaa. Mwambie daktari kila kitu. Nijibu hata kwa neno moja.

Binti yako

Pune, 24 Machi 2024

Mama,

Uko salama? Jacklyne anasema hospitali unaenda, ila kunihusu hutaki kusema lolote. Kama umenikasirikia, basi nikasirikie kwa maandishi.

Binti yako

Tassia, 2 Aprili 2024

Mwanangu,

Habari za ukimya wote huu? Hapa tumeamka, mvua imeanza, ngazi zimejaa matope.

Nilikasirika, sikufichi. Siku ile nilimwaga sufuria nzima chooni nikalia. Sikuwa nakunywa majani, Mideva. Nilikuwa nakunywa kazi yako. Uko mbali, huwezi kunishika mkono pale kwenye foleni, na kile kikombe ndicho kilikuwa wewe.

Daktari nilimwambia. Nilidhani atanifokea. Aliweka kalamu chini, akauliza nilikunywa kwa muda gani, akasema tuendelee na mashine na majani yakae kando. Nesi akanipa mafuta ya kupaka. Nimebakiza wiki moja. Nimekusamehe kabla hujaomba.

Mama yako

Pune, 19 Agosti 2024

Mama wangu,

Namshukuru Mungu kwamba picha zako za hospitali zimetoka safi. Mimi mwili mzima, moyo ndio sijui.

Tulirudia jaribio na panya wenye uvimbe. Majani yalilinda ngozi, na uvimbe nao yakaulinda. Nilipiga hesabu upya nikitumaini nimekosea. Profesa amesema tuandike tulichoona, kisha tufunge utafiti. Miaka yangu miwili, Mama. Nikikiwaza kile kikombe chako, naamka usiku kuzisoma tena zile hesabu.

Binti yako

Tassia, 25 Agosti 2024

Mideva wangu,

Amani iwe hapo chumbani kwako. Mimi nimerudi kukaanga maandazi, na mkono unainuka hadi juu ya kichwa.

Jana nilienda kliniki. Nilikaa karibu na mama mmoja wa Mathare anayeitwa Kavutha. Alikuwa anaanza mashine wiki hii, na alibeba chupa imejaa maji ya majani, si ya mti wetu, ni mengine. Nikamsihi asinywe kabla hajamwonyesha daktari. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia binti yangu ni mtafiti, amechunguza mti wa dawa miaka miwili.

"Na amegundua nini?"

"Amegundua kwamba haufai kwa sisi tunaochomwa."

Nilisema hivyo nikiwa nimenyoosha mgongo, Mideva, na benchi lote likageuka kunitazama. Jina lake lilipoitwa, Kavutha aliingia kwa daktari na chupa yake mkononi.

Sasa kula, ulale.

Mama yako