Marlys Haapala na Nafasi Yake Kwenye Uzio

Mwaka umepita sasa, Mama, tangu asubuhi ile ya theluji ya kwanza ulipotuacha, na humu ndani bado tunatembea taratibu kana kwamba umelala. Baba akifika katikati ya sebule huinua mguu juu kidogo, akavuka kitu kisichokuwepo. Hapo ndipo ulipopita mpira wa mashine yako ya oksijeni. Mashine ilirudishwa siku nyingi, na mpira wake nao. Mguu wa Baba haujaambiwa. Wangu pia.

Wengi wanaosoma kumbukumbu hii gazetini wanakujua kwa basi la shule. Miaka yote ile uliendesha njia ya mlimani, barafu ikiwa imeganda kama kioo na ziwa likitoa moshi chini kule, wala hukuwahi kumwacha mtoto barabarani. Chini ya kiti chako ulikuwa na mfuko wa glavu ulizofuma mwenyewe, kwa sababu kila siku yupo aliyepoteza moja. Hukugomba. Kelele zikizidi ulisema neno moja tu, "Jamani!", na basi zima likatulia. Nyumbani tuliiita sauti ya basi. Na kila mtoto aliyepita mikononi mwako anaikumbuka sheria yako: chooni kwanza, basi baadaye.

Wachache zaidi wanajua ulivyoipenda Ore Boat, bendi ya vijana wa pwani yetu hii ya ziwa, waliojiita kwa jina la meli za madini. Kabla ya kumfikia mtoto wa kwanza, basi likiwa tupu, ulifungulia kaseti yao mpaka vioo vikatetemeka. Baba alisema wanapiga kama watu wanaoangusha masufuria ngazini.

"Masufuria yenye hisia, Arvid," ulimjibu.

Lakini hukuwahi kuwaona kwa macho. Mara ya kwanza theluji ilifunga barabara ya kusini. Mara ya pili ulikuwa unanizaa mimi, na hukuacha kunikumbusha. Kisha wakavunjika, kila mmoja akaenda zake, na wewe ukabaki na kaseti. Kwa hiyo waliporudi pamoja na kutangaza onyesho mjini Minneapolis, ulikuja ukasimama mlangoni pa chumba changu na tiketi mbili, kama msichana anayeomba ruhusa.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani, napima maji ya ziwa maabara. Kazi naipenda kwa sababu maji hayamwulizi mtu habari zake. Watu wengi mahali pamoja hunikausha koo, na hilo ulilijua kuliko yeyote.

"Mama, kutakuwa na watu tele."

"Ndiyo maana nataka niwe na mtu wangu."

Tulifika asubuhi, tukakuta foleni tayari, watu wamekaa kwenye viti vya kukunja kama wavuvi wa barafuni. Mbele yetu alikuwa Dewey, jitu lenye ndevu za mvi zilizosukwa, anayeifuata bendi hiyo jimbo kwa jimbo. Ulimpa nyama ya kulungu uliyoikausha mwenyewe, naye akatufundisha desturi za mbele kabisa, pale kwenye uzio wa chuma unaotenga watu na jukwaa.

"Mtu akitoka kwa haja, wa pembeni yake wanamshikia nafasi," alisema. "Unatamka: ametoka kidogo, anarudi. Ukishatamka hivyo, haingii mtu, hata awe gavana. Usipotamka, basi, mwenzio umempoteza. Ataona migongo mpaka mwisho."

"Sheria nzuri," ulisema. "Mimi yangu ni chooni kwanza."

Ukainywa kahawa yote iliyokuwa kwenye chupa, kikombe baada ya kikombe, kwa furaha, huku ukisimulia.

Milango ilipofunguliwa ulikimbia, Mama. Kwa magoti yale! Ulishika chuma cha uzio kwa mikono miwili kama usukani, ukaniangalia, ukacheka. Ukumbi ukajaa nyuma yetu. Dakika chache kabla ya taa kuzimwa nikahisi vidole vyako vinanibana mkono.

"Britta. Kahawa."

"Mama! Na sheria yako?"

"Sheria ni ya watoto. Nishikie."

Ukainama, ukapenya chini ya viwiko vya watu, ukapotea.

Sijawahi kubanwa vile. Mbele ni chuma, kimenikaa mbavuni. Nyuma ni kifua cha mtu nisiyemjua, na kila alipovuta pumzi mimi nilisukumwa. Sikuweza kugeuka. Mkono wangu mmoja ulikuwa chini na sikuweza kuupandisha. Hata kama ningetaka kutoka, njia haikuwepo; ulipopita wewe palikuwa pameshazibwa. Nafasi yako pembeni yangu, upana wa mtu mmoja mwembamba mwenye koti, ilikuwa inapungua kama tundu la wavuvi barafuni linavyoganda na kuziba.

Kijana mmoja mwenye glasi ya bia akaingiza bega. "Hapa pana mtu?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Hakuniona. Akaingiza mguu.

"Sema, dada," Dewey aliniambia. "Nafasi haishikwi kwa macho."

"Ame..."

"Nani kasikia hiyo? Mimi mwenyewe sijasikia, na niko hapa!"

Nilikuwa nimefungwa mara mbili, nje na ndani: mwili na umati, sauti na woga wangu. Nikakuona akilini umesimama nyuma kabisa, mfupi kama ulivyo, kati ya wanaume warefu, unasikia ulichokingojea tangu ujana wako na huoni kitu. Na ingekuwa kwa sababu binti yako hakuweza kutamka maneno matatu.

"AMETOKA KIDOGO! ANARUDI!"

Mama, haikuwa sauti yangu. Ilikuwa sauti ya basi. Sikujua kwamba ninayo. Kijana aliruka, nusu ya bia ikamwagika.

"Haya, haya, bibie! Sijaua mtu!"

Nyuma yetu maneno yakaanza kusafiri. "Ametoka kidogo, anarudi." "Nani?" "Mama yake." "Mama yake nani?" "Huyo mwenye king'ora." Watu wakacheka, na mimi, niliyekuwa sina pa kujificha, nikacheka pia.

Taa zikazimwa, umati wote ukasukuma mbele kwa pamoja, na wewe hujarudi. Niliishika nafasi yako kwa kiwiko, kwa nyonga, kwa goti. Ndipo nikasikia kutoka mbali gizani:

"Jamani! Basi linapita!"

Majitu yenye michoro mpaka shingoni yakasogea pembeni kama watoto wa darasa la pili. Ukatokea kwa ubavu, miwani imepinda, ukaingia mahali pako.

"Foleni ya chooni ni ndefu kuliko ya kuingilia," ulisema, kana kwamba ni mimi niliyekuchelewesha.

Gitaa la kwanza lilipolia tukabanwa upya, na uliona uso wangu. Hukuniuliza kama nataka kutoka, maana pa kutokea hapakuwepo. Ulisogea nyuma yangu, ukashika uzio kulia na kushoto kwangu, ukanizungushia mikono yako kama kuta za kibanda. Mgongo wako ukapokea misukumo yote. "Pumua nami," uliniambia sikioni. "Sasa. Na tena." Nilipumua hivyo onyesho zima, ndani ya mikono yako, huku ukiimba vibaya kabisa nyuma ya kichwa changu.

Mwisho wakapiga wimbo wa daraja, ule ambao gitaa linalia kama honi ya meli inayoomba daraja linyanyuliwe ipite, na watu wote wanaitikia kama daraja letu linavyoijibu meli kwa honi yake. Uliitikia mpaka sauti ikakatika. Nilipogeuza shingo kukutazama, mashavu yako yalikuwa yamelowa, na midomo bado inaitikia bila sauti.

Tukiwa njiani kurudi ulikohoa sana. "Moshi wa jukwaani," ulisema. Majani yalipoanguka, madaktari wakatupa jina lingine: mapafu yako yalikuwa yanakauka, na yamekuwa hivyo kwa muda.

Mpira wa oksijeni ulifika mlangoni pa jikoni, basi. Haukufika barazani. Haukufika kwenye gari. Ulipaona jikoni, ulitoa amri kutoka mlangoni, na Baba akaunguza supu ya mchele unaoota ziwani mbele ya macho yako.

"Nimefungwa kama mbwa wako," ulimwambia kaka yangu Wes. "Tofauti ni kwamba yeye anaruhusiwa kubweka."

"Bweka tu, Mama, nani kakukataza?" Wes alisema. Ukabweka. Mbwa wake akakujibu kutoka kwenye gari, na ilibidi tukupandishie oksijeni kwa jinsi ulivyocheka.

Nami nilijifunga na wewe. Nilitoka kazini nikaja moja kwa moja; rafiki akipiga simu nilisema nina mgonjwa. Nyumba ilifupika ikawa na urefu wa mpira wako, na mimi sikuvuka hapo. Siku moja nikikukata kucha uliuvuta mkono.

"Britta, mimi ndiye niliyefungwa. Wewe mpira wako uko wapi?"

Nikaendelea kukata kucha. Mwaka mzima huu swali hilo nimekaa nalo. Mpira umeondoka, nami nimeendelea kukaa ndani ya urefu wake: kitandani, maabara, mlangoni pa jikoni. Shangazi Lorna anakuja na keki zake anagonga, na kuna siku nimekaa kimya kama mtu asiyekuwepo. Anaziacha barazani. Shangazi, zilikuwa nzuri, zote.

Kisha Ore Boat wakatangaza kwamba wanakuja tena. Nilinunua tiketi mbili.

"Ya pili ya nani?" Wes aliniuliza.

"Ya Mama."

Alichezea funguo zake. Nilijua anataka kusema angeweza kuitumia yeye. "Haya," alisema mwishowe. "Uende na koti lake basi. Usiku kuna baridi."

Baba ndiye aliyenipeleka, mwezi uliopita. Alisema kelele zile amezisikia bure maisha yake yote ya ndoa, hatalipia sasa; angekaa kwenye gari na kahawa yake. Njia nzima nilifanya mazoezi ya sentensi moja, ile ya kuwaambia watu kwamba hupo tena, na nilipoona foleni nikawa naijua.

Dewey alinitambua kwa mbali. "King'ora! Mama yuko wapi? Usiniambie tayari yuko chooni!"

Nilifungua mdomo. Sentensi niliyoifanyia mazoezi haikutoka. Ikatoka nyingine.

"Ametoka kidogo," nilisema.

Akangoja nusu ya pili, ile inayofuata siku zote. Sikuisema. Alilitazama koti lako la udereva, mikono mirefu iliyonifika kwenye vidole. Akazishika ndevu zake, akatazama pembeni, akasafisha koo.

"Haya," alisema. "Tutamshikia."

Tulipata uzio. Palepale, au karibu na pale. Na ukumbi ukajaa, na chuma kikanikaa mbavuni, na kifua cha mtu kikaja mgongoni, safari hii bila wewe katikati. Niliwatafuta walinzi kwa macho wanivute nje. Sikuwaona. Nilibanwa, Mama, mpaka nikaona vidoa vyeupe. Lakini kati ya kiwiko changu na kiwiko cha Dewey palibaki nafasi yenye upana wako, na ukumbi mzima ule ni hapo tu hewa ilipopita. Nikageuzia uso hapo. Sasa. Na tena.

"Hapa pana mtu?" watu waliuliza.

"Ametoka kidogo," Dewey alijibu, kila mara kama mara ya kwanza.

"Tangu wimbo wa kwanza?" msichana mmoja aling'aka. "Amekwenda kujenga hicho choo?"

"Wewe imba," Dewey alimwambia.

Walipopiga wimbo wa daraja niliitikia kwa sauti ya basi. Mpaka taa zilipowashwa, hakuna aliyeingia.

Baba alikuwa macho garini. Aliwasha taa, akanitazama nilivyoloa jasho ndani ya koti lako.

"Uliona vizuri?"

"Niliona."

Alishika usukani bila kuwasha gari. "Na yeye?"

"Alikuwa mbele kabisa, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, akawasha gari.

Sitakudanganya, Mama, kwamba nimefunguliwa. Leo asubuhi nimeinua mguu tena katikati ya sebule. Lakini Jumapili Shangazi Lorna aligonga, nikafungua, tukazila keki barazani tukiwa na makoti, meli ikipita kule chini na daraja likiijibu.

Tunaokukumbuka ni mumeo Arvid. Watoto wako Wes na Britta. Wifi yako Lorna. Mbwa wa Wes, anayesimama bado chini ya dirisha lako. Watoto wote wa njia ya mlimani, wengine sasa na watoto wao. Na Dewey, aliyeomba awekwe mwisho, karibu na uzio.

Umetoka, Mama. Nafasi yako tumeishika, na siku zote tutakuwa tukiishika.