Siku Nilipoandika Jina Langu

Kwako Nyambura, uliyebeba jina la mama yangu,

Huku tu wazima, na mguu wa shangazi yako umepona. Nimefurahi kusikia umefika Jeddah salama.

Umeniuliza kama utie sahihi ile karatasi ya Kiarabu. Madam unayemfanyia kazi anakuhimiza, yalla, fanya haraka, nawe unaona haya kumwambia huielewi.

Mimi nilikuwa mkulima hodari kuliko wote kijijini, na ni mimi peke yangu niliyejua kuandika jina langu. Wengine walitia kidole. Basi Mzungu wa serikali alipoleta karatasi ya Kiingereza, wazee walinisukuma mbele. Niliishika, nikaitikia kwa kichwa kama msomi, nikaandika jina lote, herufi kubwa. Mama akauliza, "Imesema nini?"

"Maneno mazuri, mama."

Ilisema tumekubali kuhama. Mama tulimzika huko tulikopelekwa.

Baadaye niliingia siasa, nikawashinda hata walimu. Watu husema niliingia kwa ushujaa, nami nimewaacha waseme.

Mwambie madam hujui kuisoma, akutafutie wa kukusomea. Huenda akakucheka. Mimi siku ile hakuna aliyenicheka.

Babu yako, diwani wa zamani