Kinanda cha Kaka Daudi Kimeondoka

Jumamosi jioni

Na nilivyokuwa naogopa kumwambia. Wiki nzima nilipanga maneno ya kumweleza kaka Daudi kwamba nakitoa kinanda kikubwa alichoniachia alipohamia Mpwapwa, pamoja na mikseri ya sauti na mashine yangu ya pili ya midundo. Chumba kilijaa nyaya mpaka nikiingia kutunga muziki naishia kutafuta waya upi umekatika. Mwaka huu sijamaliza hata wimbo mmoja.

Asubuhi mwalimu wa kwaya ya kijiji cha Zuzu alikuja na bajaji akavibeba vyote. Nikampigia kaka kabla sijajuta.

"Shikamoo kaka. Kile kinanda chako nimewapa kwaya."

Nikangoja anifokee.

"Marahaba. Wameshakichukua, au wamekuja kukiangalia tu?"

"Wameshakichukua."

"Afadhali. Kilinishinda, Neema. Nilikuachia kwa sababu nilishindwa kukitupa. Kila ukisema bado unacho, roho inanisuta."

Tukacheka mpaka salio likaisha.

Nimebaki na mashine moja ya midundo na kinanda kidogo, vinaenea kwenye meza moja. Wasiwasi bado upo. Huenda shida haikuwa vyombo, huenda ni mimi tu ndiye…

Lakini leo nimepiga tangu saa kumi bila kugusa waya hata mmoja. Mume wangu alipita mlangoni akauliza, "Huo wimbo ni mpya?"

"Mpya."

Akaingia, akakaa sakafuni, maana sasa sakafu ipo, akausikiliza mpaka mwisho.