Saa Uliyonichagulia Tarime

Mjomba Marwa,

Shikamoo. Nimeandika salamu halafu nimekaa kidogo, kana kwamba nasubiri marahaba yako. Keshokutwa naondoka kwenda kambini. Jina langu lilitoka wiki tatu baada ya kukuzika. Mama alilia sana. Wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kusema Bhoke ataliweza jeshi, na wewe ulilitumikia mpaka ukastaafu.

Unakumbuka siku ile tuliyokwenda Tarime mjini kutafuta saa? Mimi nilikuwa nimeipenda ile ya rangi ya dhahabu, yenye mkanda wa chuma. Ukasema, "Rudisha hiyo. Ukilala kwenye majani, adui anaiona ikimeta akiwa mlima wa pili. Na mkanda wa chuma ukinasa mahali, unaondoka na ngozi."

Ukaitisha nyingine, na nyingine, mpaka mwenye duka akaanza kununa. Ulitaka kioo kiwe kimezama chini ya ukingo, ili ikigonga jiwe uumie ukingo. Ulitaka kitufe cha pembeni kikaze, maji yasipenye, na mlio uweze kuzimwa. Kisha ukavua koti ukatufunika vichwa sote wawili, palepale dukani, tuone kama namba zinasomeka gizani. Watu wakacheka. Wewe hukucheka. "Ukichelewa dakika tano," ulisema, "kuna mwenzako anaweza kufa akikungoja." Ukanifunga ile nyeusi, yenye mkanda wa turubai, ukauvuta mpaka nikasema inauma.

Siku nne baadaye tulikuwa mtoni Susuni, tunanywesha ng'ombe. Jua lilikuwa kali. Wanaume watano wakatoka kwenye mahindi na mapanga. Uliniambia, "Kimbia, piga yowe." Yowe nilipiga. Kukimbia nilishindwa.

Wa kwanza ulimpiga fimbo ya taya, nikausikia mfupa. Wa pili akakukata bega. Wa tatu akakukata shingo. Ulipiga magoti majini, na maji yakabadilika rangi. Mwenye shati la kijani alinishika mkono akaanza kunivuta. Nikaokota jiwe kwa mkono wa pili, nikampiga usoni, nikarudia, mpaka akaniachia na kuanguka. Wenzake wakaondoka na ng'ombe wetu.

Nilikubana jeraha la shingo kwa kanga yangu. Damu ilipita kati ya vidole kwa nguvu, halafu polepole. Ulitaka kusema kitu, ikatoka hewa tu.

Baadaye askari polisi aliniuliza ulikufa saa ngapi. Nikamjibu, saa tisa na dakika kumi na saba. Akaandika. Mjomba, nilikuwa nimeiangalia saa, sijui kwa nini. Ilikuwa imejaa damu mpaka chini ya mkanda, nikaisugua kwa sabuni na mswaki. Kioo hakina mchubuko.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Watu walioitikia yowe walimkuta yule wa shati la kijani bado yuko chini. Wakamfunga mikono nyuma kwa kamba ya ng'ombe. Mmoja akaenda kunyonya petroli kwenye pikipiki yake. Mwingine akanipa fimbo yako. "Anza wewe. Aliyeuawa ni wako."

Nikampiga. Akasema kwa Kikurya, Kikurya kama chetu, "Dada, nisamehe." Nikampiga mdomo uleule uliosema. Meno yakatoka. Nilitaka akufuate huko uliko, Mjomba, nilitaka afike vipandevipande.

Ndipo akaja nesi wa zahanati, yule mama mfupi aliyehamishiwa huku kutoka Lindi. Alikuwa amekimbia na mkoba wake kwa ajili yako. Akakugusa shingo, akakufumba macho, akasimama. Akapita katikati yetu, akapiga magoti mbele ya yule mtu na kuanza kumfunga bandeji.

"Mama, toka hapo," nilimwambia.

Hakugeuka. "Mjomba wako hana pumzi tena, mwanangu. Huyu anayo. Mimi kazi yangu ni mwenye pumzi."

Niliinua fimbo. Kila mtu alidhani namlenga yule mwizi. Sikuwa namlenga yeye. Nilikuwa nakitazama kisogo cha nesi, pale kitambaa chake cheupe cha kichwani kilipofungwa, na nilikuwa nimeshaamua. Sijui ni nini kilichouzuia mkono. Ulibaki juu, halafu nikaitupa fimbo mtoni.

Polisi walimchukua akiwa hai. Jicho moja limekufa. Nimetoa ushahidi, na kesi bado inaendelea. Ng'ombe hawajaonekana.

Jana nilikwenda zahanati kumweleza nesi ukweli. Nikamsalimia, akaniuliza kama nala vizuri, akanishika shavu. Nikashindwa. Nikarudi nyumbani.

Kesho nitakwenda tena. Nitakaa kwenye benchi mpaka wagonjwa waishe, halafu nitamwambia nilichotaka kumfanyia. Akinifukuza, nitaondoka.

Pumzika, Mjomba. Umenitoa mbali. Huko niendako watanipa bunduki, na nitajifunza kuitumia vizuri kama wewe. Lakini mtu aliyefungwa mikono sitampiga tena, hata anipe sababu gani. Nakuahidi.

Mpwa wako,
Bhoke