Sabuni ya Jumapili Nne

Nyumbani, nyuma ya kanisa,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa binti yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U mzima? Kile kifua kimepona, au bado unatoka kwenye baridi bila sweta kama mtu asiyekuwa na mama? Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia, la kulia limetulia, nalishukuru. Watoto wako wazima wa afya, wanakula kama mafundi wa ujenzi. Bonge suruali zote zimemkataa kiunoni, na miaka yake ni mitano tu.

Mistari ikipanda mlima usicheke. Niliishia darasa la nne, lakini barua zangu naandika mwenyewe, simpi mtu anipambie maneno.

Barua yako niliipata Jumatano. Nitaifikia. Kwanza nikueleze yaliyotokea huku, maana bila hayo hutaelewa kwa nini sikukutii.

Mwalimu wa watoto pale kanisani amejifungua mapacha. Mchungaji akaja chumbani kwangu, akanikuta nakoroga sabuni, akasema, "Mama, tushikie watoto mpaka mwalimu apate nguvu." Nikamwambia mimi sijui kufundisha, najua kugombeza. Akasema hata hicho kinahitajika. Basi nina watoto kumi na mmoja kila Jumapili, wawili wakiwa wako.

Somo la kwanza lilikuwa kuziamini ahadi za Mungu na kungoja kwa subira. Nikawaeleza habari za Sara, jinsi Mungu alivyowaahidi mtoto yeye na Ibrahimu, wakangoja mpaka Sara akawa mkongwe kuliko mimi, na mtoto akaja kweli. Nikaona nimefundisha vizuri. Nikauliza nani ana swali, nikijua hakuna.

Wakili akanyoosha mkono. Unamjua binti yako mkubwa, hilo jina hatukumpa bure. Akauliza, "Bibi, Mungu aliwatajia tarehe walipoanza kungoja?" Nikajibu hapana, aliwaahidi tu, siku akaijua mwenyewe. Akasema, "Basi ana akili kuliko mama. Mama alitaja tarehe mara mbili. Mimi singoji tena."

Watoto wote wakanigeukia. Mwanangu, nimezaa, nimezika, nimegombana na madalali wa mafuta, lakini siku ile niliwaimbisha wimbo wa kufungia kabla ya wakati.

Na si maneno tu. Tangu ulipokosa kuja mara ya pili ukatuma mdoli badala yako, mtoto huyu alikuwa hasemi amina. Tukiombea chakula anaitika vizuri. Nikifika kwenye "umrudishe mama yao salama," Bonge anaitika, yeye anatazama sahani. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa unaumwa. Sasa naona umepata nafuu, chukua.

Jumapili iliyofuata nikawaleta wote kumi na mmoja kwenye chumba changu cha sabuni. Nilikuwa nimemimina trei moja usiku wa kuamkia siku hiyo, imeganda, nikaikata vipande mbele yao. Kila mtoto akachora alama yake kwa msumari, tukavipanga rafuni. Nikawaambia, sabuni hii ni yenu, lakini mtaichukua baada ya Jumapili nne. Bonge akasema mbona ni sabuni tayari, anaiona. Nikamwambia ndani bado ina ukali wa kostiki, ile dawa ya kugandisha mafuta, ukiiogea leo itakubabua. Nje imekwisha, ndani Mungu bado anafanya kazi.

Wakaniuliza nitajuaje. Nikawaonyesha tunavyopima sisi, kama unavyokumbuka: nikagusa kidogo kwa ncha ya ulimi, nikatema, nikasukutua. Ikichoma, bado. Isipochoma, imekomaa. Nikawakataza kabisa wasijaribu. Ndiyo, najua, ningenyamaza. Usinifundishe kulea, wewe mwenyewe ulikulia chini ya rafu ile.

Sasa sikiliza aibu ya mama yako. Wiki ya pili msusi wa pale mtaani alikuja anataka sabuni, na rafu ya sabuni zilizokomaa ilikuwa tupu. Ningemwambia arudi. Lakini miaka thelathini watu wananiita Mama Sabuni, nikaona vibaya mteja aondoke mikono mitupu. Nikachukua vipande viwili vilivyobaki kwenye trei ile ile ya watoto, nikapima. Ikachoma. Nikajiambia inachoma kidogo tu. Nikampa.

Jumapili, nikiwa katikati ya kuwafundisha watoto subira, msusi akasimama mlangoni na mikono myekundu kama nyanya. "Mama Sabuni," akasema, "ulinipa sabuni au pilipili?"

Wakili akasema, taratibu kabisa: "Bibi, si ulisema Jumapili nne?"

Ningeweza kumnyamazisha, mdomo ninao. Lakini nilitazama zile nyuso kumi na moja nikaona, nikidanganya leo, Sara na Ibrahimu wote nimewatupa jalalani. Nikamwomba msusi msamaha mbele yao, nikampaka mafuta mikononi, nikamwahidi sabuni itakayokuwa tayari. Kisha nikawaambia watoto: Mungu hajakosea siku zake. Bibi ndiye aliyekosa subira.

Jioni ile Wakili alikuwa anapanguza meza. Bila kunitazama akasema, "Labda mama naye alitaja tarehe sabuni ikiwa bado mbichi." Nikamwambia ndiyo. Mama ni mtu kama bibi, hutaja siku kwa sababu anaitamani. Mungu hutaja anachokijua. Akaendelea kupanguza mahali palipokuwa pasafi tayari. Nikamwacha.

Jumapili ya nne, ambayo ilikuwa wiki iliyopita, nikapima mbele yao wote. Haikuchoma. Tukatoa mabeseni nje, na hapo ndipo nilipotamani ungekuwepo. Povu mpaka viwikoni. Bonge aliosha uso, kichwa, viatu, na paka wa mchungaji. Msusi alikuja kuchukua zake, akaishia kuosha mikono pamoja nao huku akinitania kwamba safari hii ameleta shahidi. Nimecheka mpaka goti likasahau kuuma.

Wakili hakunawa kwa yake. Aliifunga kwenye gazeti, akaiweka juu ya mto wa kitanda chako. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Ya mama."

Ndipo Jumatano barua yako ikaja, kwamba hospitali unakofua imekupa likizo, tiketi umeikata, unafika tarehe tatu mwezi ujao. Chini ukaandika nisiwaambie watoto, wasije wakavunjika moyo tena. Nimewaambia. Watoto hawa wamejifunza kungoja kuliko mimi na wewe, sitawaficha kitu cha kungojea.

Niliwasomea mezani kabla ya chakula. Wakili aliitazama ile karatasi. Bonge akaninyang'anya, na kabla sijamzuia akailamba, upande mzima penye tarehe, wino ukambaki ulimini. Akafikiri kidogo. Akasema, "Haichomi."

Dada yake alicheka mpaka akashika meza. Halafu tukaomba, nikafika pale pa kukurudisha salama, na nikamsikia akiitika amina, ya sauti kuliko yangu.

Basi kazi yako ni moja. Ukiona mambo yamebadilika, andika siku hiyo hiyo, useme ukweli, usitume mdoli badala yako. Mungu atatunza neno lake, hilo sina wasiwasi nalo. Wewe tunza lako. Ile sabuni haiharibiki kwa kukaa, inazidi kukomaa, lakini mto ninauhitaji.

Nisalimie mwenzako mnayelala naye chumba kimoja, na wote mnaofua nao mashuka ya hospitali. Mume wako aliko kazini nimemwandikia, naye atakuja wiki hiyo. Mchungaji anakusalimu, mama wa mapacha anakusalimu, msusi anasema kichwa chako ni chake siku ya pili. Paka anakunyamazia, bado ana hasira.

Mungu akufunike njiani, akufungulie kila mlango, akufikishe kwenye huu wetu. Na uvae sweta.

Mimi mama yako, nikupendaye hata nikikugombeza,

Mama Sabuni