Siku ya Zaituni Sikuizima Simu

Mpendwa baba,

Zaituni ameolewa. Nimeanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira na mtu wa kuzunguka mbuyu. Ameolewa Jumapili, nyumbani Kisarawe, na walii wake nilikuwa mimi, kama ulivyoniusia ukiwa kitandani: "Siku ya Zaituni neno la kumwoza litoke kwako. Asiozwe na mtu mwingine na wewe upo." Nikakuitikia. Sikujua kwamba siku hiyo nitakuwa Uturuki, kwenye kiwanja cha ndege, nimeshika simu isiyopata mtandao.

Nianze na kosa langu, maana lipo. Mume wa Zaituni anaitwa Juma, nesi, amepanga Pangani, hii Pangani yetu ya Kibaha. Kwao ni Kondoa. Alipoleta posa nilikataa. Nikasema hatumjui, kwao mbali, nani atatuhakikishia? Nikasema hivyo mimi ninayeishi mtaa wa Picha ya Ndege, hapo hapo Kibaha, ambako jirani zangu wote ni watu wa kuja na ndio wanaoshika ufunguo wa nyumba yangu nikisafiri. Mbele ya Shangazi Mwajuma na wanawake wote waliokuwa uani nikatamka: "Akiolewa na huyo, siku hiyo msinipigie. Simu nitaizima." Zaituni alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

Baadaye nilimwita Juma kwangu tukala, nikamwona ni mtu mwenye haya na kazi yake, nikarudi Kisarawe nikasema nimeridhia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Shangazi hakulisahau lile neno, na wewe unamjua dada yako.

Kiwandani walinituma wiki mbili kwenda kujifunza mashine mpya ya kufungashia. Nilitakiwa kurudi Jumamosi, siku moja kabla ya nikaha. Ndege ikaahirishwa hadi Jumapili asubuhi. Kwa wifi ya hotelini nikampigia Baba Mdogo Shomari: "Saa saba mchana natua. Alasiri nitakuwa nimeshakaa mkekani." Jumapili tukiwa uwanjani wakaanza kuisogeza ndege saa moja moja, na saa nane mchana wakasema ukweli: hakuna kuondoka mpaka jioni. Saa zao na zetu ni zilezile, baba. Kwa hesabu ya watu wa nyumbani nilikuwa nimeshatua Dar es Salaam, na nimenyamaza.

Wifi ya uwanja ilitaka namba ya siri inayotumwa kwa meseji. Meseji iingie wapi? Laini yangu ya nyumbani haikuwa na mtandao huko. Nilimwomba baba mmoja simu yake kwa ishara, akavuta begi lake karibu. Ikabaki eSIM. Hukuwahi kuiona hii kitu: ni laini isiyo na kadi, unapiga picha alama yake na yenyewe inaingia ndani ya simu. Niliinunua kabla sijaondoka, kwa ajili ya safari. Nilipofika iligoma, nami nikasema wifi ipo, ya nini kuhangaika. Wiki mbili nzima sikuigusa. Ungekuwepo ungenisonya.

Nikakaa chini, nikazima simu na kuiwasha. Hakuna kitu. Nikaweka alama ya ndege, nikaitoa. Hakuna kitu. Nikawa nabonyeza kila ninachokiona, mpaka nikafika palipoandikwa futa eSIM. Nikawaza: niifute, niiingize upya, huenda ikakubali. Kidole kilishafika, baba.

Nikakukumbuka Maneromango. Ile asubuhi mashine ya kusaga ilipogoma na kina mama wamejaa, wengine na mahindi, wengine na makopa yao ya muhogo, wote wametoka mbali kwa miguu. Mimi nilishachukua spana kufungua kila nati ninayoifikia. Ukanishika mkono. "Kabla hujafungua kitu, jiulize kama unaweza kukifunga. Na shika kimoja tu. Ukishika viwili, ikiwaka hutajua ni kipi, na isipowaka hutajua umeharibu kipi." Ukatandika gunia, ukaanza: mafuta, chujio, hewa, maji. Wanawake wakakulalamikia, "Mzee Athumani, leo tutalala hapa." Wewe ukaendelea na kazi.

Nikaondoa kidole. Ile alama hutumika mara moja tu. Ningeifuta ningekuwa nimemaliza kila kitu pale pale. Sikuwa na gunia, nikatandika koti, nikaweka simu juu yake. Kimoja kimoja.

Kwanza: eSIM yenyewe imewashwa? Imewashwa. Pili: simu inachukua data kwenye laini ipi? Ilikuwa inachukua kwenye laini ya nyumbani, iliyokufa. Nikaihamishia kwenye eSIM, nikasubiri. Bado. Tatu: kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu. Yakaja majina matatu. Nikagusa la kwanza, likakataa. La pili likakubali, vile vistari vya mawimbi vikapanda mpaka juu. Nilitaka kusujudu. Nikafungua WhatsApp, ikazunguka, ikazunguka, ikasimama. Mawimbi yapo, intaneti hakuna. Saa ilikuwa tisa na nusu. Nilijua pale Kisarawe jamvi limeshatandikwa.

Nikasema sitoki hapa. Waite ndege waondoke, mimi sitoki hapa.

Nikakumbuka karatasi ya maelekezo. Niliichapisha steshenari pale Picha ya Ndege kabla ya safari, kwa kuwa uliniharibu wewe, siamini kitu nisichoweza kukikunja mfukoni. Nikaitoa kwenye pasipoti, nikaisoma mstari kwa mstari. Niliyokwisha kuyafanya nikayaacha. Jina la njia ya intaneti, lile waliloandika liingizwe, nikalikagua herufi kwa herufi, lilikuwa sawa. Ukabaki mstari mmoja, wa mwisho. Huo nilishaufuta kwa kalamu nyeusi siku nilipoichapisha.

Niliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, nikasoma chini ya wino: washa roaming kwenye laini hii.

Unajua nilivyo na roaming, ile ya laini kutumia mitandao ya ugenini. Kwetu kila mtu anajua kuwa ukivuka mpaka unaizima, la sivyo itakunywa vocha yote kabla hujasema halo. Mimi ndiye fundi wa mtaa wa jambo hilo. Majirani waliokwenda Hija niliwazimia kwa mkono wangu, simu moja baada ya nyingine, nikajisifu. Basi nilipouona ule mstari nikasema hawa wamekosea, nikaukata. Kumbe laini ya safari ni mgeni popote iendapo. Ukiizimia roaming umeifungia nje. Niliogopa laini ya nyumbani, nikaifungia isiyohusika.

Ile mashine yako ya Maneromango iliwaka saa tano. Ulikuta koki ya mafuta imefungwa, na aliyeifunga jana yake jioni ulikuwa wewe. Mimi nilitaka uwaambie watu kitu kingine, chujio, dizeli mbovu, chochote. Ukasimama mbele ya wale kina mama na mikono yako myeusi ukasema, "Ni mimi niliyefunga. Mniwie radhi." Nilikuonea aibu sana siku ile, baba. Leo naionea aibu ile aibu.

Nikaiacha roaming ya laini ya nyumbani imezimwa. Nikawasha ya eSIM. Nikahesabu mpaka ishirini, nikafungua WhatsApp.

Zikaingia kama mvua ya masika. Simu kumi na moja za Baba Mdogo. Meseji ya Shangazi: "Kweli wewe ni wa kutufanyia hivi?" Sikuzisoma nyingine. Nikampigia Baba Mdogo, akapokea kabla haijaita vizuri.

"Uko wapi wewe?"

"Uturuki, Baba Mdogo. Ndege haijaondoka na simu ilikuwa haishiki. Shikamoo."

"Marahaba. Shikamoo baadaye. Shehe huyu hapa, sema naye."

Shehe akaniuliza jina langu na la kwako, akaniuliza kama nasema kwa hiari yangu. Nikasikia hata kuku wa jirani. Nikasema: "Baba Mdogo Shomari, nimekuwakilisha umwoze dada yangu, Zaituni binti Athumani, kwa Juma, kwa mahari waliyokubaliana." Ilitosha kisheria. Nikaongeza, kwa sauti, ili Shangazi asikie: "Na nimeridhia. Nilikosea kukataa." Abiria wenzangu waligeuka kunitazama nikilia juu ya koti. Niliwaacha watazame.

Waliniacha hewani nikasikia nikaha yote. Juma alisema "nimekubali" mara moja, bila kukwama.

Baadaye Baba Mdogo alinisimulia yaliyotokea nikiwa nahangaika. Shangazi alisema, "Alituahidi atazima simu, ametimiza." Shehe akashauri kwamba walii akikosekana ipo njia ya kuendelea bila yeye, watu wamekaa muda mrefu, chakula kinapoa. Wazee wengi wakakubali. Zaituni, akiwa ndani na ushungi wake, akatuma neno kwa Baba Mdogo: "Bila kaka siolewi leo. Msubirini." Wakamtumia watu wawili kumbembeleza. Akawarudisha wote wawili.

Nakuandikia haya kwa kuwa hakuna mwingine atakayeelewa yanavyoniuma na kunifurahisha kwa pamoja. Mimi nilidhani nilikuwa napambana peke yangu siku ile. Nimeshamwambia Juma kwamba Jumapili ijayo nakwenda kwao Pangani kula, na nakwenda na Shangazi, apende asipende. Usia wako nimeutimiza, baba, ingawa kwa simu na kwa kuchelewa. Unisamehe ile miezi ya kiburi.

Kabla hawajamtoa bibi harusi walimpa simu tuzungumze kidogo. Nilikuwa nimeandaa maelezo yote, ya ndege, ya laini, ya ule mstari niliouchora. Hakutaka hata moja. Aliniuliza tu, "Kaka, uliizima?"

"Sikuizima, dada. Wallahi sikuizima."

Akasema, "Hata ungeizima ningekusubiri."

Mungu akulaze pema, baba.

Mwanao wa kwanza,
kaka yake Zaituni