Mtoto Mchanga Ndani ya Meli

Lipangalala, Ifakara
Julai 1994

Mjukuu wangu Theresia,

Marahaba. Niwie radhi kwa ukimya wangu. Tulikuwa Mchombe tukivuna mpunga. Bibi yako hajambo.

Unauliza kama mchumba wangu mchanga, huyo mwanao, aende nanyi katika matembezi ya meli Ziwa Nyasa, ilhali mama mkwe wako anakataza.

Mama yako alipokuwa mchanga hivyo, tulimpeleka kwa mtumbwi shambani, ng'ambo ya mto, tulikokwenda kuamia ndege wasile mpunga. Shangazi yangu, kwa kuogopa baridi, alimviringishia kanga na blanketi zito. Tulipofika katikati ya mto, mtoto alilia sana.

"Mto umemkataa! Turudini!" alipiga kelele shangazi.

"Shangazi, umemfunga kama furushi la kambale wakavu," alijibu bibi yako. Alimfungua, akampakatisha shangazi huyohuyo. Mtoto alinyamaza, akacheka. Shangazi alimwimbia mpaka ng'ambo, asiyakumbuke maji tena.

Basi mpeleke, umvike nguo nyepesi na kofia. Mwalike na mama mkwe wako, umwombe ampakate yeye.

Nami umenialika. Bibi yako amekwisha kufunga sanduku. Mimi ningali nikitafakari. Nikiamua, nitakuandikia.

Babu yako